Moto wa Juu

Mpishi wa mwambao hakuanza jana kupika kwa moto wa juu. Mkate wa kumimina hauivi kwa jiko la chini peke yake. Mchele hulowekwa usiku kucha, husagwa kwa tui, hutiwa hamira, sukari na iliki, huachwa ukaumuka, ndipo humiminwa kwenye sufuria iliyopakwa samli na kuwekwa juu ya makaa machache. Machache, kwa kuwa kazi kubwa haiko huko. Iko kwenye kifuniko. Hapo ndipo hupaliwa makaa mengi yaliyokolea, na mpishi huketi na koleo mkononi akiyasogeza huku na huku mpaka uso wa mkate upate wekundu anaoutaka. Kipimajoto hana. Ana kiganja anachokipitisha juu ya makaa, na ana pua.

Nimeanza na mkate huu kwa sababu eafraya, hilo jiko dogo la mezani linalosifiwa kwamba linakaanga bila mafuta, ina jina baya kwa watu wanaojua kupika. Husemwa ni chombo cha wavivu, cha kutia vipande vya kuku vya paketi, kubonyeza na kwenda kutazama simu. Wapo wanaoitumia hivyo, na sina ugomvi nao. Lakini nimekaa jikoni Jebel Ali na mwanamke mmoja wa Kibokoni, Mombasa, nikamtazama akipikia chakula cha kila siku, na nilichokiona ni ufundi ule ule wa kupalia makaa, safari hii umechomekwa ukutani. Aliyewahi kuketi mbele ya kifuniko chenye makaa huielewa eafraya kabla hajafungua kijitabu chake. Asiyewahi atatoa viazi vilivyosinyaa, kisha atalaumu mashine.

Jebel Ali iko upande wa kusini-magharibi wa Dubai, na iliyoijenga ni bandari. Ilichimbwa miaka ya 1970 kwenye ufuo mtupu, ikazinduliwa na Malkia Elizabeth II wa Uingereza Februari 1979. Mwaka 1985 likaanzishwa eneo huru la biashara pembeni yake, na maghala yakaanza kumea. Bidhaa nyingi zinazopangwa madukani Mombasa na Kariakoo zimewahi kulala ndani ya maghala hayo, na humo ndimo wanamofanya kazi Wakenya, Watanzania na Waganda, wakibandika lebo, wakiendesha foklifti, wakilinda mageti. Dada huyu ni wa upande wa lebo. Namwita dada kwa kuwa amenizidi umri. Wasichana wawili anaoishi nao, mmoja wa Tanga na mmoja wa Kampala, wao humwita anti. Nyumba yao ni ya chumba kimoja na sebule, Discovery Gardens, mtaa wa majengo mafupi na bustani ambao tangu 2021 una kituo chake cha metro.

Jikoni kwao ni kichochoro. Wakiingia watu wawili, mmoja hutoka kinyumenyume. Jiko la umeme walilolikuta lina ovni kubwa iliyojazwa masufuria, maana kuipasha moto kwa ajili ya samaki watatu ni kama kukodi basi zima kwenda dukani. Makaa hayaruhusiwi kwenye roshani za jengo, na darini kuna king'ora cha moshi kisichojua mzaha: karai la mafuta likizidi moto, majirani wote wanapata habari. Basi eafraya imewekwa juu ya kaunta, imesogezwa mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja ili joto linalotokea nyuma lipate njia, na haiondolewi hapo. Hata umeme wake hautoki mbali. Sehemu kubwa huzalishwa kwa gesi kwenye mitambo iliyoko pwani hapo hapo Jebel Ali, ile ile inayogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa.

Ndani ya jiko lenyewe hakuna maajabu. Juu kuna koili inayowaka, juu ya koili kuna feni, chini kuna droo yenye kikapu cha matundu. Feni huisukuma hewa iliyopata moto, hewa hushuka, hugonga sakafu ya droo na kurudi juu kupitia matundu. Mholanzi Fred van der Weij ndiye aliyehangaika na mpango huu, na kampuni ya Philips ikautoa hadharani kwenye maonyesho ya Berlin mwaka 2010. Moto haukuwa mpya, na ovni zenye feni zilikuwepo zamani. Kipya kilikuwa udogo wa chumba na kasi ya upepo.

Na kasi ndiyo yenye maana. Mafuta ya moto hukigusa chakula pande zote na kukipa joto upesi. Hewa ni maskini wa joto. Ikitulia, hupoa pale pale ilipokigusa chakula na kukizingira kwa utando wa unyevunyevu. Upepo huubandua utando huo ili joto jipya lifike. Maji ya juu ya chakula hukauka, na yakishakwisha ngozi yake huvuka nyuzi 100. Ikikaribia nyuzi 140, sukari na protini huanza kuungana kwa kasi na kuleta ule wekundu na ile harufu ambayo Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza mwaka 1912. Kwa hiyo kila anachokifanya dada, ukikichunguza, kina nia moja kati ya mbili: kuondoa maji juu ya chakula, au kuufungulia upepo njia.

Viazi havimfichi mpishi, ndiyo maana nilitaka kuviona kwanza. Huvikata unene wa kidole kidogo, vyote sawa, na hapo hana haraka hata chembe. Kipande chembamba huungua kabla kinene hakijaiva, na kwenye upepo kosa hilo huonekana zaidi kuliko kwenye mafuta. Huviosha mpaka maji yaache kuwa na weupe wa wanga, huviloweka nusu saa, kisha huvitandaza juu ya kitambaa cha pamba na kuvipangusa vizuri, juu na chini. Msichana wa Tanga alikuwa amesimama mlangoni akingoja zamu ya sinki.

"Anti, si vitakaukia humo humo?"

"Humo vitachemka, mwanangu. Ukitaka vya kuchemsha, sufuria ile pale."

Ndivyo ilivyo. Maji yaliyobaki juu ya kiazi hulazimika kwanza kugeuka mvuke, na mvuke katika chumba kidogo namna ile hupika kiazi kabla hakijapata ngozi. Unakitoa laini, kimelegea, kina rangi ya mgonjwa.

Baada ya kuvipangusa huvitia kwenye bakuli na kuvinyunyizia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwa kiasi cha nusu kilo, akivigeuza kwa mkono mpaka kila kipande king'ae. Hapa sifa ya kutotumia mafuta hutupwa nje ya dirisha. Kiazi kisicho na mafuta kabisa huota ngozi kavu isiyokuwa na ladha. Mafuta kidogo hushika uso wote, huupitishia joto sawasawa, na ndiyo yanayoleta ule mkwaruzo wa kutafuna. Chumvi haitiwi sasa. Huvuta maji nje, na yeye ametoka kuyafukuza.

Jiko huliwasha tupu kwa dakika chache, halafu hutia viazi visifike nusu ya kina cha kikapu. Huanza na nyuzi 160, moto wa kuivisha moyo wa kiazi, kwa dakika 12 hivi. Nilichokipenda zaidi ni kwamba hatazami. Anasikiliza. Kila baada ya muda huvuta droo na kukitikisa kikapu mara moja kwa kifundo cha mkono, na mwanzoni viazi huanguka kwa kishindo kizito cha vitu vilivyolowa. Mtikiso unaofuata huwa mwepesi kidogo. Ukifika ule ambao viazi hugongana kwa sauti kavu, chaka chaka, hapo hupandisha hadi nyuzi 200 kwa dakika za mwisho. Saa ya jiko ikilia kabla ya sauti hiyo, huirudisha nyuma bila hata kuitazama. Aina za viazi hazifanani, maji yake hayafanani, na hakuna kijitabu kilichoweza kujua kiazi cha wiki hii kimetoka shamba gani.

Huvitoa vikiwa na rangi ya dhahabu, hangoji viwe kahawia. Mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipikwa kwa moto mkali huzalisha akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, na kadiri chakula kinavyozidi kuiva hadi weusi ndivyo inavyoongezeka. Eafraya haimwondolei mtu jambo hilo. Ni moto mkali kama mwingine. Kuloweka husaidia, na kuacha mapema husaidia zaidi. Dada hakutaja kemikali yoyote. Alisema tu kwamba kiazi cheusi ni kichungu.

Ufundi wake mkubwa uko kwenye samaki.

Sokoni Dubai mtu wa Mombasa hapotei. Nguru yupo, hapa wanamwita kanad. Changu yupo, ni shaari. Tewa ni yule hammour ambaye kila mkahawa unajivunia, na tafi ndiye safi. Dada hununua tafi wadogo na changu wa saizi ya kiganja kwa hesabu ya kikapu: samaki asiyelala kikapuni bila kupinda mkia hamfai. Nguru humkatisha vipande, unene wa vidole viwili, kwa sababu upepo hukausha kipande chembamba kikawa ubao.

Samaki mzima humchanja ubavuni, mikato mitatu au minne mpaka karibu na mwiba. Husaga kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbichi, bizari ya manjano na chumvi, akakamulia ndimu, akampaka na kumsukumia viungo ndani ya mikato. Humwacha apumzike. Kisha hufanya jambo lililonishangaza: anachukua karatasi ya jikoni na kumfuta nje, taratibu, akibakisha viungo vilivyoingia kwenye mikato tu. Viungo vilivyokaa juu kwa unene, aliniambia, hubaki vibichi chini na kuungua juu, na vyepesi hupeperushwa hadi kwenye koili na kuleta moshi. Kwenye karai mafuta yangevituliza. Kwenye upepo kila kitu chepesi ni adui. Ndiyo sababu haweki karatasi ya kuokea bila kitu kizito juu yake. Huinuka, hushika koili, huungua.

Mafuta hupakwa mara mbili kwa brashi, kwenye matundu ya kikapu na kwenye ngozi ya samaki. Mkia huviringishwa kipande cha foili kilichobanwa sawasawa. Chini ya kikapu, kwenye sakafu ya droo, hutia vijiko viwili vya maji, ili mafuta ya samaki yakidondoka yasitoe moshi. King'ora kile cha darini, tena. Nyuzi 200, na samaki mdogo hana haja ya kukaa hata robo saa.

Akiwa humo, kwenye sahani ya jiko la umeme kuna tui zito linalochemka taratibu na ukwaju, pilipili, chumvi na bizari, mpaka likatae kudondoka kutoka kwenye mwiko. Uzito huo si wa urembo. Tui jepesi hupita matundu, huungua chini ya droo, na samaki hubaki na harufu ya nazi asiyoila. Zito hushika. Huvuta droo, humpaka samaki tabaka moja jembamba, hurudisha kwa dakika mbili tatu mpaka likauke na kuanza madoa, hupaka tena, hurudisha. Tabaka la mwisho hupakwa akiwa nje tayari na haliguswi na moto. Kwa hiyo unapomla unakutana na tui la namna mbili, lile lililoungulia ngozini na lile laini lenye uchachu. Watu wanaompaka samaki kwa wingi mara moja, hata juu ya makaa, wangenufaika kumtazama.

Kinachokosekana ni moshi, na hapo hana ubishi. Samaki wa kupaka wa Forodhani au wa uani kwa mamake ana moshi wa makaa, huyu hana. Mara nyingine, wageni wakiwepo, huchukua kaa dogo la kufukizia udi, akaliwasha mpaka livae majivu, akaliweka kwenye kijikombe cha foili katikati ya bakuli la samaki waliokwisha kuiva, akalidondoshea samli na kufunika bakuli kwa dakika chache. Hilo hufanyika juu ya meza, dirisha wazi. Haliingii kamwe ndani ya jiko.

Sambusa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na ni ngumu mahali wasipopatazama. Nyama imepikwa tayari na kukaushwa, vitunguu na dania vimetiwa mwisho, ndimu imekamuliwa. Haina cha kuiva. Kinachoiva ni manda. Kwenye mafuta manda ikiwa na kitundu, mafuta huingia. Kwenye upepo hali ni kinyume: gundi ya unga hukauka, hupasuka, na manda hufunuka kama inataka kuruka. Basi brashi ya mafuta hupita kwanza kwenye mshono, ndipo kwenye nyuso. Huzipanga zisigusane, mshono chini. Nyuzi 180, zikigeuzwa mara moja, na hutoka na malengelenge madogo madogo ya manda ya kweli. Mwezi wa Ramadhani hukunja nyingi mapema na kuzigandisha, na hutoka kwenye friza moja kwa moja hadi kikapuni dakika chache kabla ya adhana.

Kuku wa wiki ni mapaja, ngozi juu, na sina la kusimulia zaidi ya kwamba huwa mazuri. Muhogo hununuliwa wa barafu, umekwisha menywa. Wahamiaji wa Kerala huupenda kama sisi, kwa hiyo maduka makubwa hayaukosi. Huuchemsha kwanza na chumvi mpaka upasuke kidogo, huukausha, huupaka mafuta, na zile nyufa ndizo zinazokwaruka. Ndimu, pilipili ya unga, basi.

Kuna vitu havitii humo, na hapo ndipo nilipouamini ujuzi wake. Kaimati haziwi. Donge laini la unga uliolowa huporomoka kupitia matundu, na hata ukiliwekea kibati, halipati ule mviringo unaoletwa na kuelea na kugeuzwa ndani ya mafuta. Viazi karai ni hivyo hivyo: ule uji wa unga unahitaji kugandishwa na mafuta mara tu unapoyagusa, upepo hauna uwezo huo. Mahamri mabichi huiva ngozi kabla mvuke haujapata nafasi ya kuyafurisha, yakatoka mazito, mikate midogo yenye aibu. Nimeona kwenye simu watu wakiyasifu mahamri ya namna hiyo huku wakiyakata kwa kisu. Dada ana karai dogo kabatini, na Ijumaa asubuhi mafuta huchemshwa humo kwa moto wa wastani na mahamri hufura yanavyotakiwa. Kitu ambacho eafraya hukifanya vizuri kuliko chombo chochote ni kuyapasha mahamri ya jana, nyuzi 160, dakika tatu. Hurudi na ngozi yake.

Mkate wa kumimina je? Nilimwuliza, akacheka, kisha akaupika. Kibati cha duara kinachoingia ndani ya droo kikapakwa samli, uji wa mchele ukamiminwa kwa kina cha vidole viwili. Ukiuacha wazi, upepo huukunja uso wake na kuusukumia upande mmoja, na juu huiva kabla ya katikati. Kwa hiyo huufunika kwa foili iliyokunjwa kwa nguvu chini ya ukingo wa kibati, maana foili iliyolegea huishia kwenye koili, na huupa moto mdogo wa nyuzi 150 mpaka uumuke na ushikane. Kisha foili hutoka, moto huongezwa, na uso hupata rangi kwa dakika chache. Upande wa chini ulikuwa mweupe mno kwa macho yangu. Yeye aliona hivyo pia, akaugeuza na kuurudisha kichwa chini bila kibati. Mkono ulikuwa ule ule wa kupanga na kupangua makaa, ila sasa unafungua na kufunika foili.

Kuhusu afya, nina maneno machache, kwa kuwa maneno mengi yameandikwa kwenye maboksi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120. Nusu kilo ya viazi iliyopikwa kwa kijiko hicho, ikagawiwa watu watatu, imempa kila mmoja mafuta kidogo sana kuliko chipsi za karai, na hilo si jambo la kupuuza kwa mtu anayekula viazi kila jioni. Lakini wanga haupungui kwa kupulizwa. Muhogo ni muhogo, na mwenye kisukari asidanganywe na picha ya majani ya kijani kwenye kifungashio. Dada mwenyewe haitetei kwa daktari. Sababu yake ni mafuta yaliyokwisha tumika: mtu wa nyumba ndogo hana pa kuyamwaga, akiyamwaga kwenye sinki bomba huziba, akiyaweka huyarudia tena na tena mpaka yananuka samaki wa juzi. Tangu alipoacha kukaanga kila siku, chupa ya mafuta hukaa muda mrefu na hakuna kopo la mafuta meusi chini ya sinki. Umeme nao si wa kutisha. Jiko la wati 1,500 likiwaka dakika 20 mfululizo hula nusu yuniti, na kwa kweli hula pungufu, kwa sababu koili huzima na kuwaka yenyewe.

Kinachomkera ni udogo. Watu watatu wakiwa na njaa, kikapu kimoja hudai ratiba. Muhogo hutangulia, kwa sababu unaweza kusubiri ukiwa umefunikwa. Kuku hufuata. Samaki huwa wa mwisho kila mara, maana baada yake hakuna kitu kingine kitakachokubali kuingia humo bila kunuka samaki. Akishatoka, droo hutiwa maji ya moto na sabuni ikiwa bado na joto, huachwa wakati wakila, na huoshwa kwa sponji laini. Waya wa chuma umepigwa marufuku jikoni humo. Msichana wa Kampala aliwahi kuonekana ameushika, na hadi leo hutaniwa. Mara kwa mara jiko lililopoa na kuchomolewa hulazwa kifudifudi na koili ikafutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Mafuta yaliyogandia huko ndiyo yanayowafanya wengi waseme mashine yao imeanza kutoa moshi bila sababu.

Mwaka jana alimpelekea mamake eafraya moja Kibokoni, ndani ya boksi la kago pamoja na mashuka na sabuni. Zamani majahazi yalipakia boriti za mikoko Lamu na Rufiji zikaja kuezekea nyumba za Ghuba. Sasa mzigo wa nyumbani hutoka Ghuba kwenda mwambao. Plagi ya pini tatu ni ile ile, umeme hautofautiani wa kusema, hakuna cha kubadilisha. Juu ya boksi aliandika kwa kalamu ya wino mzito: usijaze, kausha kwanza, tikisa, bajia usitie. Mamake hakuyasoma. Alipiga simu siku ya tatu, akiwa ameshapika changu kwa njia yake mwenyewe, na alikuwa na malalamiko mawili. Stima zilipotea samaki akiwa nusu, ikabidi ammalizie kwenye jiko la makaa. La pili lilikuwa zito zaidi.

"Hili lako linaingia samaki wawili, mwanangu. Mimi nyumba yangu haijawahi kula samaki wawili."

"Kuna ya droo mbili, mamangu."

"Sasa hii ya droo moja ulinitumia ya nini?"

Dada akamwahidi mwisho wa mwezi, inshallah, akaanza kuuliza bei za kago.